Mchicha wa Hamisi wa Timbwani

Somo la kwanza nililopewa kazini halikuwa la watoto. Lilikuwa la mchanga.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, nimevaa yunifomu mpya iliyonibana makwapani, nikidhani nitakabidhiwa watoto niwabebe na kuwapima. Nesi Damari, mkubwa wangu, akanikabidhi fungu la mchicha na karai la maji. "Osha," akasema. Nikaosha. Akachomoa jani moja, akaniambia nitafune. Nikatafuna. Mchanga ukalia kwenye magego kama mtu anayekanyaga kokoto.

"Wewe mwenye meno umeusikia," akasema. "Asiye na meno ataumeza tu. Osha tena."

Nikaosha tena, nikamwaga maji, nikaosha tena, na kila mara akanitafunisha jani. Mara ya nne likatafunika kimya. Akaniangalia juu ya miwani yake, akasema, "Sasa unaweza kuanza kazi." Nami nikaanza, kinywa kimejaa mchicha mbichi kama mbuzi.

Wanangu, nyinyi mnaofanya kazi ile ile leo kwenye kliniki zenye mabomba ndani na mashine za kusagia, msinicheke. Nimestaafu zamani, magoti yamekataa, lakini mikono yangu bado yajua kuchambua mboga bila macho kutazama. Nataka niwasimulie namna mtoto mmoja wa Timbwani alivyonifundisha kazi hii, yeye na bibi yake. Kwa kweli yeye alikuwa akilia na kutema tu. Aliyefundisha ni bibi.

Ilikuwa miaka michache kabla ya Uhuru. Mimi ni mzaliwa wa kisiwani, Mji wa Kale, na kwetu mtoto wa kike kwenda kufanya kazi ng'ambo lilikuwa jambo la kufanyiwa kikao. Mjomba alisema hapana. Mama akasema, "Aenda kulea watoto wa watu, haendi kucheza ngoma." Basi nikaruhusiwa. Kila asubuhi nikivuka na feri, buibui juu, yunifomu chini, nikishuka Likoni nikitembea mpaka kliniki yetu. Ilikuwa vyumba viwili vya mabati na baraza, na uani kulikuwa na jiko la makaa ambapo Nesi Damari akiwaonyesha akina mama namna ya kupika chakula cha mtoto.

Nesi Damari alikuwa mtu wa Rabai, mfupi, mnene kidogo, hasemi kwa sauti kubwa. Alikuwa na vita yake moja, na vita hiyo ilikuwa mboga za majani. Watoto wa Likoni walizaliwa wazuri. Miezi ya mwanzo wakinyonya, mashavu yakijaa, mapaja yana mikunjo. Kisha, wakifika miezi sita, saba, wakaanza kupewa uji mweupe na chai ya rangi, na hapo ndipo mizani ikasimama. Ukiwafunua kope kwa ndani unakuta weupe, damu hakuna. Na mchicha umeota kila ua! Wakubwa wakiula kila siku kwa nazi, lakini mtoto hapewi. "Mboga zamletea mchango," wakisema, maana yake maumivu ya tumbo na minyoo. Nesi Damari akawaambia mboga haileti minyoo, minyoo huletwa na uchafu ulio kwenye mboga. Ndiyo maana ya ule mchanga wangu.

Sasa sikilizeni kosa langu.

Siku moja ya kupima, foleni ilifika barabarani. Jua kali, watoto wanalia, mimi nimesimama kwenye mizani, ile ya kikapu kinachoning'inia kwenye ndoano. Akaja mama mmoja kijana, jina lake Riziki, pamoja na mwanawe Hamisi wa miezi saba. Nikamtia Hamisi kikapuni. Uzito ulikuwa ule ule wa mara iliyopita, na wa mara ya kabla yake. Mtoto mtulivu mno. Mtoto anayetulia kikapuni si dalili nzuri, wanangu; mtoto mwenye afya hupiga teke.

"Wamlisha nini?" nikamuuliza.

"Uji."

"Na nini tena?"

"Chai kidogo. Na ziwa lipo, bado anyonya."

"Mpe mchicha," nikasema. Nikaandika kwenye kadi, nikamrudishia, nikaita, "Anayefuata!"

Basi. Maneno mawili. Nikajiona hodari, kwa kuwa foleni ilikuwa inakwenda.

Siku ya tatu yake, kabla hatujafungua mlango vizuri, akaingia mama mmoja mtu mzima, mrefu, mkavu, leso mbili na miguu mitupu. Hakukaa kwenye benchi. Alikuja moja kwa moja mezani kwangu, akaweka jani la mgomba lililokunjwa, akalifunua. Ndani yake mlikuwa na uzi wa shina la mchicha, mrefu kama kidole changu cha mwisho, umesokotana.

"Nani hapa aandikaye watu mchicha?" akauliza.

Nilijua kusema shikamoo tu. "Shikamoo, bibi."

"Sikuja kuamkiwa. Hiki kimetoka kooni mwa mjukuu wangu."

Alikuwa Bi. Mishi, mama yake mumewe Riziki. Riziki alikuwa ametii kadi yangu. Aliupika mchicha kama anavyoupikia watu wazima, na mashina yake, akamchanganyia Hamisi na wali. Hamisi akasakamwa. Sauti haikutoka, midomo ikageuka rangi, na mama yake akawa anapiga kelele tu. Bi. Mishi alikuwa uani akafika mbio, akamlaza mtoto kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa kikielekea chini, akampiga kwa kiganja katikati ya mabega, moja, mbili, tatu, nne. Mara ya tano kikatoka hicho kilichokuwa mezani kwangu.

Akina mama walioketi kwenye benchi la baraza wakanyanyuka waone. Natamani niwaambie kwamba nilisimama imara. Nilijishikiza mezani.

Nesi Damari akatoka chumba cha ndani. Alikuwa amesikia. Hakunitetea, wala hakunikemea mbele za watu. Aliniuliza tu, "Zuhura, ulimwambiaje yule mama?"

"Nilimwambia ampe mchicha."

"Na baada ya hapo?"

"Nikaita anayefuata."

Akamgeukia Bi. Mishi. "Mama, kosa ni letu. Na ulivyomfanya mtoto, ndivyo inavyotakiwa hasa. Ungalimtia kidole kooni ungalikisukuma ndani zaidi. Umemwokoa."

"Najua nimemwokoa," Bi. Mishi akasema. "Na haji tena hapa."

Akaondoka. Jani la mgomba akaliacha pale pale.

Siku ile sikula. Si aibu tu iliyonizuia. Nilikuwa nimemwona Hamisi kikapuni. Nilijua akirudi kwenye uji na chai, na mizani asiione tena, hatafika mbali. Kuna watoto tuliowajua kwa majina, waliokuja mara tatu, nne, kisha hawakuja, na sababu tukaisikia kwa jirani. Sitaki kuwaeleza hao. Nawaambia tu kwamba nilikuwa nawahesabu, na sikutaka Hamisi awe mmoja wao kwa ajili ya maneno yangu mawili.

"Kesho utakwenda kwao, Timbwani," Nesi Damari akaniambia.

"Nikaseme nini?"

"Ukaombe radhi. Kisha uulize wao hupika vipi. Usifundishe kitu mpaka uombwe."

Nikaenda na viatu vyangu vya kisiwani, nikafika vumbi mpaka magotini. Nyumba ya Bi. Mishi ilikuwa ya udongo na makuti, imefagiliwa hadi ua unang'aa, na nyuma kuna shamba dogo la muhogo. Nikapiga hodi. Riziki akachungulia, akaogopa zaidi yangu. Bi. Mishi alikuwa kwenye kinu anatwanga, akaendelea kutwanga.

"Bibi, nimekuja kukuomba radhi. Nilimwambia mkweo neno nusu."

Mchi ukapanda, ukashuka. Hata akasema, "Nusu ya neno ni mbaya kuliko kunyamaza." Kisha, bila kuacha mchi, "Waweza kuchambua mboga, au nyinyi wa kisiwani mwachambuliwa?"

Nikavua buibui, nikakaa chini. Akanipa fungu la mchicha. Nilijidai, maana hilo nalijua. Bi. Mishi akatazama lundo langu, akacheka kicheko cha kwanza. "Haya umeyachambulia ng'ombe." Akanionyesha: shika shina kwa mkono huu, jani ulivute kuelekea chini, na ule uzi wa mgongo wa jani utoke pamoja na kikonyo. Jani likikataa kukatika kwa kucha, limezeeka, la watu wazima hilo. Kwa mtoto, chukua vile vichwa vya juu tu, vichanga.

Nikamuuliza anatwanga nini. Kisamvu, majani ya muhogo. Nikasema kwa ujinga wangu, "Na hiki je, hakimfai Hamisi?"

Mchi ukasimama hewani. "Wataka kumuua mara ya pili?"

Basi akanifundisha kisamvu, na nilichojifunza siku ile nimekisema maisha yangu yote. Kisamvu kina sumu yake. Lazima kitwangwe mpaka kipoteze sura ya jani, kichemshwe muda mrefu bila kifuniko ule mvuke uondoke, maji ya kwanza yamwagwe. Kwa mtoto wa miezi saba, kaa nacho mbali kabisa, angoje akue. Mnavu ulio mchungu nao, vivyo hivyo. Anayeanza, aanze na mchicha mchanga, au majani laini ya kunde. Hayo yote Bi. Mishi aliyajua bila kwenda darasani. Alichokuwa hajaona ni mtoto mchanga kupewa jani lolote.

Nilirudi siku ya pili. Siku ya tatu nikamkuta amekwisha kuniwekea kibao cha kukalia. Hamisi alikuwa kwenye jamvi, ameegemezwa mto, ananitazama kwa yale macho makubwa ya mtoto aliyekonda. Bi. Mishi akamfukuzia nzi, kisha akasema bila kunitazama:

"Na wewe, ungempikiaje?"

Wallahi, moyo uliruka. Lakini nilikumbuka: sasa nimeombwa, sikujipeleka.

Nikachuma vichwa vya mchicha wa uani kwake, mbali na mtaro wa maji machafu. Nikaosha maji manne. Nikachemsha maji kidogo sana, yalipotokota nikatia majani, nikayaacha kwa muda wa mtu kunywa kikombe cha chai, mpaka yakalegea kabisa. Hapo nikakwama. Kule kliniki tulikuwa na chujio la waya. Pale hapakuwa na chujio. Bi. Mishi akaingia ndani, akatoka na kifumbu kipya cha kukamulia tui, hakijaguswa na nazi bado. Akakimwagia maji ya moto, akanipa. Nikasugua mchicha kwa mgongo wa kijiko, kilichopita kikawa laini kama samli, na nyuzi zote zikabaki ndani. Bi. Mishi akazichomoa zile nyuzi moja moja, akazitazama, akaziweka kando.

Nikaponda kipande cha kiazi kitamu kilichochemshwa, nikachanganya na kijiko kimoja cha mchicha na tone la tui jembamba. Bi. Mishi akaonja. Uso ukakunjamana.

"Chumvi umesahau."

"Sikusahau, bibi. Mwili wake bado mchanga, chumvi yamzidi."

"Pilipili je?"

"Bibi!"

Akacheka mpaka akajishika kiuno. Alikuwa ananijaribu.

Tukamkalisha Hamisi wima kwenye paja la bibi yake, kichwa kimesimama. Hilo mlijue: mtoto halishwi amelala. Na kama hawezi kukaa hata kwa kuegemezwa, au ulimi wake bado wasukuma nje kila kitu, basi hajawa tayari, mwache na ziwa. Nikatia ncha ya kijiko mdomoni, kiasi cha punje ya kunde. Riziki alikuwa amesimama mlangoni, amejifunika uso kwa leso, anachungulia kwa jicho moja.

Hamisi akafumba mdomo. Akafikiri. Akatoa sura ya mzee aliyedanganywa sokoni, akautema wote, ukateremka kidevuni.

"Hataki," Riziki akasema.

"Bado hajakataa," Bi. Mishi akajibu. "Anashangaa."

Nikampa tena. Kidogo kikaingia. Cha tatu kikaingia chote. Nikaacha hapo. Bi. Mishi akataka niendelee, nikamwambia hapana, leo vijiko vitatu, kesho hivyo hivyo, kesho kutwa hivyo hivyo, na siku hizo asipewe kitu kingine kigeni. Tumbo likichafuka tujue ni nani wa kulaumiwa. Na kilichobaki kisiwekwe mpaka kesho. Mboga iliyolala haimfai mtoto, ale mkubwa au imwagwe. Bi. Mishi akaila yeye, baada ya kuitia chumvi.

Nikarudi kisiwani nikiwa na furaha ya harusi.

Asubuhi yake, feri inafunga Likoni, namwona Riziki amesimama mbele ya watu wote, leso imemteleza kichwani. Kabla sijateremka vizuri akapaza sauti:

"Dada Zuhura! Hamisi anatoa majani!"

Watu wakageuka. Nikamvuta kando. Akakunjua winda la mtoto, kile kitambaa cha kumfungia, akanionyesha hapo hapo. Kijani! Kijani cha mchicha wenyewe. Wanangu, nitawaambia kweli: mimi nilikuwa sijawahi kuambiwa habari hiyo. Nilijua mizani, nilijua maji manne, lakini mawinda ya watu yalikuwa yanafuliwa kwao. Nikamshika Riziki mkono, tukakimbia mpaka kliniki, yeye na winda lake, mimi na buibui langu limepanda magotini.

Nesi Damari alikuwa anafungua madirisha. Tukamwonyesha. Akaangalia winda, akaniangalia mimi, akavua miwani, akaanza kucheka bila sauti, mabega yakitikisika.

"Zuhura, kilichoingia kijani ulitaka kitoke buluu?"

Lakini kisha akavaa miwani akamkalisha Riziki, akamuuliza moja baada ya jingine, na mimi nikasimama nikisikiliza kwa masikio yote. Mtoto anacheza? Anacheza. Ana joto la homa? Hana. Ametapika? La. Choo ni cha maji maji? La, kizito tu. Mara ngapi? Mara moja. Kina damu? Hakina. Ananyonya? Ananyonya kuliko jana. "Basi mtoto mzima huyo," Nesi Damari akasema. "Lingekuwa lolote katika hayo ningekwenda Timbwani mimi mwenyewe sasa hivi. Rangi peke yake haina neno."

Tukaenda kumwambia Bi. Mishi. Tulimkuta amekaa mlangoni, Hamisi miguuni pake, na kijiko mkononi.

"Mmekimbia nini?" akauliza. "Mbuzi akila majani mabichi hutoa nini? Nilimwita Riziki asubuhi nimweleze, keshafika feri!"

Tangu hapo nilikuwa napita Timbwani kila baada ya siku chache. Kiasi kikawa kijiko kimoja cha chai, viwili, vitano. Baada ya mchicha tukajaribu majani ya kunde. Bi. Mishi akawa na fikra zake: akasema baada ya mboga mtoto apewe maji ya chungwa kidogo, maana kinywa chake chapenda. Nilipomwambia Nesi Damari akafurahi mno, akasema chungwa lasaidia ile nguvu ya mboga kuingia damuni. Mimi nikasema moyoni, huyu bibi angepata shule tungekuwa tumesimama foleni kwake.

Hata siku moja ya kupima, Bi. Mishi akaja kliniki. Nilimwona kwa mbali, mrefu kuliko wote, Hamisi kiunoni. Alikuwa amesema mtoto haji tena. Nami nikajifanya nimesahau. Nikamtia Hamisi kikapuni. Akapiga teke. Akapiga la pili, kikapu kikayumba, mshale wa mizani ukawa unacheza ngoma, siwezi kuusoma.

"Mtulize, bibi."

"Sikumlisha atulie," Bi. Mishi akasema.

Tulipoweza kuusoma, ulikuwa umepanda. Si sana. Lakini ulikuwa umepanda, na mwezi uliofuata ukapanda tena, na nilipomfunua kope kwa ndani nikaona wekundu. Nikamwita Nesi Damari aone. Akatazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Siku ile ile nilikuwa uani nawaonyesha akina mama kumi na wawili namna ya kupika. Nilikuwa nimeiva kwa maneno. Nasema vitamini, nasema madini. Akina mama wananitazama kama watu wanaongoja feri. Bi. Mishi akasimama nyuma, akavumilia, akashindwa. Akapenya katikati, akaninyang'anya kijiko.

"Sikilizeni. Huu ni mchicha, mwaujua nyote. Huyu binti anasema maneno ya kitabuni, nayo ni ya kweli, lakini mimi nitawaonyesha nilichokitoa kooni mwa mjukuu wangu." Akachomoa shina, akalipasua, akanyoosha ule uzi. "Hiki. Mtoto wako hana meno ya kukikata. Wewe utakuwa ndiwe meno yake."

Nikamtazama Nesi Damari. Nilidhani atamwondoa, maana mizani, jiko na yunifomu vilikuwa vya serikali, na mambo yalikuwa na taratibu. Nesi Damari akavuta kiti, akakaa pamoja na akina mama, akasikiliza.

Tangu siku hiyo Bi. Mishi alikuwa mtu wetu, ingawa hakuandikwa mahali. Akija wakati autakao. Alikuwa na pua kali. Aliwahi kumwambia mama mmoja aliyeleta mchicha mnono wa kupendeza, "Huu umeuchuma nyuma ya choo," na kweli ulikuwa umechumwa huko. Mwingine alisema mwanawe ameukataa mchicha kabisa. "Umempa mara ngapi?" "Mara mbili." "Mumeo ulimkubali mara ya ngapi?" Baraza zima likaanguka kicheko, na yule mama akarudi nyumbani kujaribu mara ya tatu, na ya nne, na ya saba. Huo ndio ushauri bora niliousikia katika miaka yangu yote, na hadi leo sijauona umeandikwa vizuri zaidi.

Hamisi? Hamisi alikua, alhamdulillahi. Alipokuwa wa miaka minne alikuwa na miguu kama nguzo, na alichukia mchicha kwa moyo wake wote. Akiona sahani ya kijani alikuwa anakimbilia shambani. Bi. Mishi akisema, "Mwache. Kazi yake mchicha umekwisha kuifanya."

Mwaka wa Uhuru ulinikuta nimeolewa Likoni, sivuki tena na feri, na nina mtoto wangu wa kwanza, Salma. Bendera mpya zinashonwa, vijana wanafanya mazoezi ya nyimbo barabarani, na mimi nyumbani nina shida ambayo nilikuwa naona haya kumwambia mtu.

Salma alikuwa ametimiza miezi sita. Anakaa. Kichwa kimesimama. Akituona tunakula ananyoosha mkono. Dalili zote nilizokuwa nikiwafundisha watu, alikuwa nazo. Nikachuma mchicha, nikaosha maji manne, nikachemsha, nikachuja mara mbili. Nikakaa na kijiko. Kisha mkono ukaanza kutetemeka. Nilichokiona si Salma; niliona midomo ya mtoto inageuka rangi kwa neno langu. Nikamwaga chakula. Siku ya pili nikapika, nikamwaga. Siku ya tatu nikapika.

Bi. Mishi akapiga hodi siku hiyo ya tatu. Alikuwa anatoka kliniki na Hamisi, na Hamisi alipoona bakuli akatoka nje mbio kuwafukuza kuku. Bi. Mishi akatazama bakuli, halafu kijiko kikavu, halafu mimi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Huyu amekula?"

"Bado."

"Tangu lini, bado?"

Nikamwambia. Nilisema yote, mpaka namna nilivyomwaga. Nilidhani atanicheka, msichana wa maneno ya kitabuni, aliyefundisha nusu ya Likoni. Hakucheka. Akamchukua Salma, akamkalisha wima pajani pake, akampangusa kidevu kwa pembe ya leso.

"Mlishe wewe, bibi," nikasema. "Tafadhali. Mkono wako haukosei."

"Mkono wangu ulimtoa Hamisi ule uzi," akasema. "Haukuacha kutetemeka mpaka mwezi ukaisha. Nilikuwa nauficha ndani ya leso, na wewe unakuja unachambua mboga huoni." Akaniegemezea mtoto. "Mimi nimekuja kumshika tu. Wa kulisha ni mama yake."

Nikachota. Kiasi cha punje ya kunde. Nikagusisha mdomoni. Salma akafumba midomo, akakunja paji la uso, kijani kikamtoka pembeni. Nikamtazama koo. Nikaliona koo likishuka na kupanda, taratibu, kama la mtu mzima anayekunywa maji. Akameza.

Machozi yakanitoka nisiyajue yatoka wapi. Nikawa nimeshika kijiko hewani nalia, na nje vijana wanaimba, na Hamisi anapigiana kelele na kuku.

"Zuhura," Bi. Mishi akaniita.

"Abee, bibi."

"Utalia baadaye. Mtoto kaachama kinywa, anangoja."